Ulikuwa Nje Ukifanya Nini?

Mhadhara uliotolewa Kpandroma, teritwari ya Djugu, Ituri, Kongo, mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari, wazee na akina mama wa soko

Wazee mlioketi mbele, walimu wenzangu, mama zetu mlioacha vitunguu na mbatata sokoni mkaja kunisikiliza, na nyinyi vijana mnaochungulia dirishani kwa kuwa viti havikutosha, nawashukuru. Baridi ya Kpandroma nilikuwa nimeisahau. Bunia imenizoesha vibaya.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa nimelala kwa jamaa zangu upande wa Rethy. Kabla ya jogoo kuwika, mtoto aliyetoka kwenda msalani akapiga yowe. Tulipotoka nje tukakuta taa juu, nyingi, zimepangwa kama shanga kwenye uzi, zinatembea kimya kuelekea Ziwa Albert. Jirani mmoja alisema ni drone za jeshi. Mwingine akasema ni za Uganda. Mama mmoja akaanzisha pambio, akiamini Bwana amerudi. Mzee wa boma hakusema mengi. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote hajaona nyota zikipanga foleni.

Kulipokucha nikauliza: nani atakwenda ofisini kuuliza zile ni nini? Wakanicheka. Mzee yule akanishika bega akaniambia: "Mwalimu, ukienda kuuliza habari za angani, wewe ndiye utakayeulizwa. Ulikuwa nje saa ile ukifanya nini? Ulikuwa unammulikia nani tochi?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na ndilo limenileta hapa.

Taa zenyewe hazikuwa fumbo kubwa. Zilikuwa satelaiti za Starlink, za kampuni ya Marekani SpaceX, ambayo ilianza kuzirusha kwa makundi Mei 2019, 60 kwa mkupuo mmoja. Zikishapelekwa juu hukaa pamoja siku kadhaa kabla ya kutawanyika, kila moja ikashika njia yake. Na wala hazina taa. Kinachong'aa ni jua: sisi huku chini bado tumo gizani, zenyewe huko juu zimeshapambazukiwa. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia kanisani. Kinshasa ilizifahamu vizuri. Mwaka 2024 ilipiga marufuku vifaa vya Starlink, kisha Mei 2025 ikaipa kampuni hiyo kibali cha kufanya kazi nchini. Kwa hiyo wakubwa waliijadili mitambo hiyo, wakaikataa, wakaikubali, na katika safari yote hiyo halikushuka neno moja mpaka Djugu: mkiona shanga angani, msikimbie na watoto.

Anayetaka kubishana kuhusu viumbe wa sayari nyingine tukutane naye baadaye kwa chai. Mimi leo nazungumzia dirisha la ofisi. Mwananchi ameona kitu juu ambacho hakitambui, Waingereza wangekiita UFO na Wafaransa OVNI, naye amekuja kuuliza. Nyuma ya dirisha kuna karani. Karani huyo afanye nini?

Nchi yetu imo ndani ya historia ya swali hili tangu mwanzo, ingawa wengi hawajui. Tarehe 29 Machi 1952 gazeti moja la Vienna, Austria, liitwalo Die Presse, liliandika kwamba sahani mbili za moto zimeonekana juu ya migodi ya urani kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, wilaya ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Zilipinda na kugeuka kwa madaha, mara zikaonekana kama sahani, mara kama mayai, mara kama mistari mitupu, na watu waliokuwa chini walisikia mlio mkali wa kuvuma. Jambo lote lilichukua dakika 10 hadi 12. Kamanda mmoja aliyetajwa kwa jina la Pierre, wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, akapaa na ndege ya kivita akazifuata, akafika kama mita 120 kutoka sahani moja. Alikadiria upana wake kuwa kati ya mita 12 na 15, rangi yake kama aluminiamu. Baada ya dakika 15 akaachana nazo, nazo zikanyoosha kuelekea Ziwa Tanganyika.

Habari hiyo ilikatwa gazetini, ikatafsiriwa, ikaingizwa kwenye jalada la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka huohuo. Mtu anaweza kuisoma leo. Siri yake iliondolewa zamani. Juu yake pamepigwa mhuri wa kusema kwamba habari hizi hazijapimwa ukweli wake.

Sasa nisikilizeni kama mwalimu wa jiografia, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Taarifa inasema migodi hiyo iko mashariki ya mto Luapula. Wanafunzi, chukueni ramani. Mashariki ya Luapula ni Zambia, iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini wakati ule. Mgodi wa urani wa Kongo ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, magharibi kabisa ya mto huo. Shinkolobwe haikuwa mahali pa kusahaulika: urani yake ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika bomu lililopiga Hiroshima mwaka 1945. Wamarekani walikuwa na haki ya kushtuka wakisikia kuna kitu kinazunguka juu yake. Lakini mwandishi wa Vienna hakufungua ramani, na kwenye karatasi ile ya Washington kosa limebaki lilivyo, bila hata alama ya kuuliza pembeni.

Na kuna pengo la pili linaloniuma kuliko mto uliohamishwa. Rubani ametajwa. Imeandikwa hata kwamba ni ofisa wa kuaminika. Wale watu wa chini waliosikia mlio ni nani? Wachimbaji? Mama aliyekuwa anateka maji? Karatasi inasema watazamaji, basi. Habari ya anga la Katanga, mkoa huo wa kusini, ilizunguka mpaka Vienna na Washington bila mtu mmoja wa Katanga kupewa jina ndani yake, na bila yeyote kati yao kurudishiwa jibu.

Wamarekani wenyewe mwaka ule walikuwa wamezidiwa. Mnamo Julai 1952 rada za Washington zilionyesha vitu visivyojulikana, simu zikalia mpaka makarani wakachoka. Januari 1953 CIA iliwakusanya wanasayansi wachache chini ya Howard Robertson, nao wakatoa shauri ambalo nawaomba mlipime. Waliona kwamba hatari kubwa si vile vitu, ni maswali. Wananchi wakiuliza wote kwa pamoja watajaza njia za mawasiliano ya jeshi, na adui anaweza kupenya katika vurugu hiyo. Kwa hiyo watu waelimishwe ili hamu yao ipoe. Kuanzia hapo karani wa dirishani akapewa kazi ya kuzima moto.

Hata hivyo daftari waliliandika. Jeshi la anga lilikuwa na ofisi iliyoitwa Project Blue Book kuanzia 1952 hadi 1969. Ilipofungwa ilikuwa imepokea taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila maelezo. Hizo 701 zimeandikiwa vitabu vingi. Mimi huvutwa zaidi na jambo ambalo mwanahistoria wa CIA, Gerald Haines, alilichapisha mwaka 1997: kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za mwisho wa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za siri za upelelezi za Marekani yenyewe, U-2 na zilizoifuata. U-2 iliruka juu kuliko ndege yoyote ya abiria, na jioni mabawa yake yaliakisi jua wakati marubani wa chini walikuwa wameshaingia gizani. Ni hesabu ileile ya Starlink. Maofisa wa Blue Book waliuliza kimyakimya, wakaambiwa ni U-2, kisha wakamwandikia mwananchi kwamba aliona vipande vya barafu hewani au joto lililopinda mwanga.

Naelewa siri za kijeshi. Anayeishi Ituri lazima azielewe. Lakini kumwambia mtu "siwezi kukueleza" ni jambo moja, na kumwambia kwamba macho yake mabovu ni jambo lingine. Yule wa kwanza atarudi nyumbani akinung'unika. Yule wa pili hatakuamini tena hata siku utakayomwambia kuna kipindupindu.

Waingereza waliichukulia kazi hii kama barua za posta. Wizara yao ya ulinzi ilikuwa na meza ya UFO kwa zaidi ya miaka 50. Ukiandika unajibiwa, kwa adabu, kwa maneno yaleyale aliyoandikiwa mwenzako: tunaangalia tu kama kuna tishio kwa ulinzi wa nchi, na hatukuona. Mwaka 2009 taarifa ziliongezeka ghafla, kupita 600, nyingi zikitokana na taa za karatasi ambazo watu walianza kuzirusha kwenye sherehe, na mwisho wa mwaka huo meza ikafungwa. Heshima waliyobakiza ni kwamba majalada waliyapeleka kwenye nyaraka za taifa, kuanzia 2008 hadi 2013, asome atakaye.

Wafaransa wana njia nyingine. Tangu 1977 wana ofisi ndogo huko Toulouse, ndani ya shirika lao la anga za juu, CNES, ambayo leo inaitwa GEIPAN. Aliyeona kitu anakwenda kwa jandarmeri ya karibu, anaandikisha ushahidi, na karatasi inapelekwa Toulouse kwa watu wa sayansi. Kila kesi inapewa herufi: A ikishatambulika, B ikiwa inaelekea kutambulika, C habari zikiwa pungufu, na D ikichunguzwa vizuri ikabaki haieleweki. Hizo za D ni chache, kama 3 katika kila 100. Tangu 2007 kesi zinawekwa wazi kwa umma, majina ya mashahidi yakiwa yameondolewa. Najua wazee mnatabasamu nikisema jandarmeri. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati wa Mobutu, nayo ilikuwa na jandarmeri, na aliyeishi chini yake hawezi kufikiria kwamba ungeiendea kwa hiari yako ukiwa na hadithi ya taa.

Lakini nataka nirudi kwa Wabelgiji. Usiku wa tarehe 29 Novemba 1989, karibu na mji wa Eupen, mashariki mwa Ubelgiji, jandarma waliokuwa doria waliona kitu chenye taa kubwa kikielea polepole. Miezi iliyofuata mamia ya watu walitoa taarifa kama hizo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1990 jeshi la anga lilirusha F-16 mbili kufuata alama za rada. Hazikukamata kitu. Halafu likatokea la ajabu: Kanali Wilfried De Brouwer wa jeshi hilo akasimama mbele ya waandishi wa habari, akawaonyesha rekodi za rada, akakiri kwamba hana maelezo. Jeshi lilishirikiana hata na chama cha raia cha SOBEPS kilichokusanya ushahidi. Picha mashuhuri ya wimbi lile la taarifa, iliyopigwa Petit-Rechain, mwaka 2011 mpigaji wake alikiri kwamba ilikuwa kipande cha plastiki ya povu kilichopakwa rangi. Watu walicheka, na ni haki yao. Lakini kulikuwa na jalada la kulinganisha nalo.

Fikirini. Ubelgiji ule wa 1952 na ule wa 1990. Raia wa Eupen aliandikwa jina, akasikilizwa, jeshi likamwambia "hata sisi hatujui". Mtu wa Katanga hakuulizwa hata jina. Anga ni moja, na hata rada na ndege za kivita hazikuwa kiini cha tofauti. Kiini ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye haki ya kuuliza.

Tulipopata uhuru tungetegemea mambo yabadilike. Desemba 1975 Mobutu alitia saini mkataba na kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ya Lutz Kayser, akawapa eneo la kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati ule, ili wajaribu roketi. Ituri yetu yote, kutoka Aru hadi Mambasa, ni kilomita za mraba 65,658. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978, na ya tatu, Juni 1978, mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, ikashindwa na kuanguka. Warusi walilalamika, majirani wakalalamika, mwaka 1979 mradi ukafungwa. Moscow ilipewa maelezo. Mvuvi wa mto Luvua aliyeona nguzo ya moto ikipanda kutoka kwenye uwanda angeuliza wapi?

Tarehe 5 Oktoba 2006, wakati wa uchaguzi, ndege isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji, iliyokuja na kikosi cha Ulaya, ilianguka Kinshasa ikaua mtu. Desemba 2013 MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini, ikazindua za kwake Goma, za kwanza katika historia ya Umoja huo. Hizo angalau zilizinduliwa mchana, mbele ya kamera.

Na hapa Djugu? Nyinyi mnajua kuliko mimi. Tangu vita vilipowaka upya mwisho wa 2017, na hata baada ya utawala wa kijeshi kutangazwa Mei 2021, watu wa vijiji hivi wamelala porini, wamelala kambini, wamelala na viatu miguuni. Kwao mlio wa juu ndio unaoamua kama watoto wataamshwa au wataachwa walale. Mtu wa Toulouse akiona taa asiyoijua anapata kisa cha kusimulia mezani. Mtu wa Kpandroma akiiona anaanza kufunga godoro. Kwa sababu hiyo nasema jibu la haraka linahitajika hapa kuliko Washington, na ugumu wa kutoa jibu hilo si kisingizio: watu wa RVA, mamlaka ya njia za anga, kwenye uwanja wa ndege wa Bunia wanajua ndege gani za raia zinapita, na jeshi linajua zake. Kuna mambo wasiyoweza kuyasema. Yanayobaki ni mengi sana.

Mfano wa karibu tunao. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na uzito kilo 500 hivi. Wanakijiji walishtuka, wakaita polisi. Shirika la anga za juu la Kenya, ambalo lilikuwa na umri wa miaka 7 tu, likafika, likaichukua pete, na tarehe 1 Januari, siku ambayo ofisi nyingi duniani zimefungwa, likatoa tangazo: hii ni kipande cha roketi, inaelekea ni pete ya kutenganisha sehemu zake, si hatari kwenu, tutachunguza ni ya nani kwa kufuata sheria ya kimataifa. Uvumi ulipoenea kwamba ni ya India, shirika likakanusha, likasema uchunguzi haujaisha. Halikujifanya kujua kila kitu. Na sheria waliyoitaja ipo kweli: kwa mkataba wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo ndiyo inayolipa madhara kikianguka juu ya watu, bila aliyeumia kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini ili udai, lazima kwanza kuwe na mtu aliyeandika siku, saa na mahali.

Basi turudi kwenye dirisha letu. Siwezi kumlazimisha msimamizi wa teritwari aweke karani. Ninachoweza ni kuomba shule zianze. Chukueni daftari la kawaida la kurasa 96. Mtu akiona kitu aandike saa aliyoanza kukiona na saa kilipopotea. Aandike upande: kwenye ziwa, Mahagi, Fataki, au msitu. Kimo chake kipimwe kwa ngumi: nyoosha mkono, ngumi moja ni kama digrii 10, kwa hiyo kutoka kwenye upeo wa macho mpaka utosini ni ngumi 9. Je, kilikuwa na mlio? Kiliwaka sawasawa au kilipepesa? Mawingu yalikuwepo? Mwalimu wa fizikia akikaa na daftari hilo jioni moja, mengi atayamaliza mwenyewe. Kitu kinachong'aa sana magharibi baada ya jua kuzama, kinachoshuka polepole kwa saa nzima, ni Zuhura. Taa moja inayovuka anga kwa dakika 5 au 6 bila mlio wala kupepesa ni satelaiti, na ikiwa kali kupita nyota zote huenda ni kile kituo cha kimataifa wanamokaa wanaanga. Mwali wa sekunde mbili ni kimondo. Yale yatakayobaki, hayo ndiyo yapande: kwa chifu, kwa msimamizi, mpaka Bunia, yakiwa na sahihi ya shule na siyo ya mtoto wala ya mama aliyeona. Jina lake libaki kwenye daftari, shuleni. Hilo tumelikopa kwa Wafaransa, na kwa hali yetu lina maana kuliko kwao, kwa sababu swali la "ulikuwa nje ukifanya nini" halitampata mtu wa kulijibu.

Nimeuliza walimu wa hapa kabla ya mkutano kama kuna aliyeona zile shanga. Mikono 11 ilipanda, na mama mmoja akasema yeye aliona kitu tofauti, kimoja, chekundu, kilichosimama. Hakutaka kusimulia mbele ya watu. Daftari la kwanza nimekuja nalo. Liko juu ya meza karibu na mlango, kalamu imefungwa kwa uzi. Mvua inakuja kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo wa mbali waanze kuandika kwanza.